Maswali ya Wasomaji: Nikifunga Tela Gari Inakalia Mkia, Nibadilishe Shokapu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser 200, imetembea kilomita 180,000 na kwa ninavyojua huko chini hajawahi kugusa mtu. Ikiwa tupu iko poa japo kwenye kona inalala sana, ila nikifunga tela ya boti ndo shida inaanza, nyuma inakalia, pua inaangalia juu, usukani unakuwa mwepesi mpaka naogopa, na usiku wanaokuja mbele wananiwashia fulu wakidhani nimewasha zangu. Boti na tela yake ni kama kilo 2,200. Mmoja kaniambia nifunge shokapu ngumu za gesi zote 4 nimemaliza, mwingine kasema niinue gari inchi 2, mwingine kasema niweke puto za upepo nyuma. Hela niliyonayo ni ya kitu kimoja kwa sasa. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba. Usianze na shokapu, na nakuomba kabisa usianze na kuinua gari.

Hili la shokapu naliona kila siku na linanisikitisha maana watu wanamaliza hela zao halafu mkia unabaki pale pale. Siku fundi akitoa shokapu kwenye gari yoyote, omba uishike, isimamishe sakafuni uikandamize kwa mkono. Itashuka, polepole lakini itashuka mpaka chini, na ile ya gesi itapanda tena yenyewe taratibu. Sasa kitu ambacho mkono wako umekishusha kitabebaje mamia ya kilo? Anayebeba gari ni springi. Shokapu kazi yake ni kutuliza, yaani springi ikishatikisika yeye anaugeuza ule mtikisiko kuwa joto ndani ya oili yake ili gari isiendelee kunesanesa. Kwa hiyo gari inayokalia mkia ina shida ya springi au ya uzito, na gari inayonesa mara 3 au 4 baada ya tuta ina shida ya shokapu. Yako kwa kilomita hizo inawezekana ina zote mbili, ila kilichokuleta hapa ni uzito.

Tuupige huo uzito hesabu, ndo utaelewa kwa nini usukani unakuwa mwepesi. Tuchukulie mkono wa tela unaelemea ndoano kwa asilimia 10 ya uzito wote, hizo ni kilo 220. Ndoano haiko juu ya ekseli ya nyuma, iko nyuma yake kama mita 1.25 hivi, na kutoka ekseli ya nyuma mpaka ya mbele kwenye 200 ni mita 2.85. Ni kama ubao wa watoto wa kupanda na kushuka, ekseli ya nyuma ndo egemeo, ukikandamiza huku kule kunanyanyuka. 220 mara 1.25 gawa kwa 2.85 unapata kama kilo 96. Hizo kilo 96 zimetolewa kwenye matairi ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya breki, na ekseli ya nyuma inabeba 220 jumlisha 96, yaani kama 316. Bado hujaweka watu wala mizigo.

Na hapo ndo penye jambo ambalo wauza vifaa wengi hawakwambii. Puto za upepo au springi ngumu zitanyanyua mkia, taa zitarudi kumulika barabarani, gari itaonekana imekaa sawa, lakini zile kilo 96 hazijarudi mbele. Utapiga picha gari iko levo kabisa na usukani bado mwepesi. Kinachorudisha uzito mbele ni aina tu ya ndoano yenye vyuma viwili vya springi vinavyokazwa kati ya mkono wa tela na gari, vile vinavyosukuma uzito kuelekea ekseli ya mbele na ekseli za tela. Hivyo ni vizuri sana ila sio kila gari inaruhusu, kitabu cha gari ndo kinasema, halafu tela nyingi za boti breki zake zinafanya kazi kwa tela yenyewe kuisukuma gari, na baadhi ya vyuma hivyo haviendani na breki za namna hiyo. Uliza kabla hujalipa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kupima, na kinaweza kikawa ndo dawa yenyewe. Nenda kwenye mizani ya magari, pima ekseli ya mbele peke yake, pima ya nyuma, kwanza bila tela halafu tela ikiwa imefungwa na mafuta na kila kitu ndani ya boti kama unavyosafiri. Halafu futi ya kawaida, pima toka katikati ya ringi mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi, pembe zote 4, tupu na ukiwa na tela, uandike. Nimeona boti iliyosogezwa mbele mno kwenye tela yake mpaka ndoano inaelemewa na asilimia 16 au 17, ukiirudisha nyuma kidogo tu mkia wa gari unapanda bila kununua hata nati. Ila usishuke chini ya asilimia 10 kutafuta unafuu, tela nyepesi mbele ndo ile inayoanza kucheza nyuma yako kama mkia wa samaki.

Ukishapata namba linganisha na kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva na kile cha kwenye ndoano. Hapa nisikilize vizuri ndugu yangu: hakuna springi, puto wala shokapu inayopandisha zile namba. Ekseli, beringi, breki, chasisi na matairi ni vile vile vya kiwandani. Springi inakusaidia kubeba vizuri uzito ulioruhusiwa, basi.

Kama namba ziko ndani na bado inakalia, swali linalofuata ni unavuta mara ngapi. Kama ni mara mojamoja na siku nyingine gari iko tupu, mimi ningechukua puto zinazokaa ndani ya springi za koili za nyuma, maana springi ngumu gari ikiwa tupu inakurusha na watoto wanalalamika. Kama unavuta karibu kila wiki, au gari ina tenki la ziada na droo za vyuma nyuma muda wote, badilisha springi uchukue zilizopimwa kwa uzito huo wa kudumu. Ukichagua puto, kila puto iwe na bomba lake la kujazia. Wengi wanaziunganisha kwa bomba moja ili wajaze mara moja, halafu kwenye kona upepo wa puto iliyoelemewa unakimbilia ya upande wa pili na gari inalala kuliko mwanzo. Na usiziache tupu kabisa, puto nyingi za aina hii zinataka angalau psi 5 hata kama huvuti kitu, la sivyo mpira unabanwa kati ya duara za springi na kukatika.

Shokapu zifuate hela ikipatikana, na zilingane na springi uliyoweka. Springi ngumu na shokapu zilizochoka ni mbaya kuliko ulivyo sasa, maana springi ngumu inarudi juu kwa nguvu zaidi na hakuna wa kuishika. Zibadilishwe mbili mbili kwa ekseli.

Kona unayosema inalala, kabla hujanunua kitu angalia bushi za amu (raba za ile mikono ya chuma inayoshika ekseli) na linki za stabilaiza (kile chuma kinachounganisha tairi la kushoto na la kulia ili gari isilale), kwa kilomita 180,000 raba zake ni za kutiliwa shaka. Na fundi akifunga bushi mpya simama hapo hapo: bolti za amu zinakazwa kwa mara ya mwisho gari ikiwa imekalia matairi yake, sio ikiwa imening'inia kwenye jeki. Ile raba imegandishwa kwenye chuma chake pande zote mbili, ukikaza imening'inia, gari ikishushwa raba inabaki imejinyonga muda wote na miezi michache imepasuka, halafu lawama zinaenda kwa bushi. Kama 200 yako ina KDSS, ile ya stabilaiza za haidroliki, usikubali mtu afungue bolti zake bila kujua utaratibu wake, gari inaweza kuanza kukaa upande. Ukimaliza, wili alaimenti.

Kuinua inchi 2 unapandisha uzito wote juu, gari italala zaidi kwenye kona. Kwa wa mawe na matope sawa, kwa wa boti hapana.

SWALI: Fundi habari za kazi. SUV yetu ni ya safu 3 haina chasisi ya chini. Tukivuta tela tukifika mwendo wa 90 tela inaanza kuyumba kushoto kulia. Tumeshauriwa tufunge stabilaiza nene ya nyuma, tutoke 25 milimita twende 28. Itasaidia?

JIBU: Nzuri dada yangu. Kwanza msiendeshe kwa mwendo huo na tela hiyo mpaka mmemaliza kuikagua, tafadhali.

Milimita 3 zinaonekana ndogo lakini ugumu wa chuma kile unapanda kwa kipenyo kipeo cha 4, ukipiga hesabu (1.12 x 1.12 x 1.12 x 1.12) 28 ni ngumu kuliko 25 kwa kama asilimia 57. Ni mabadiliko makubwa, na yanazuia gari kulala ubavu. Tela yenu hailali, inapiga mkia, hayo ni mambo mawili tofauti. Tena ukikaza nyuma peke yake, siku ya mvua gari ikiwa tupu mkia wake ni mwepesi kuteleza kwenye kona.

Anzeni na mizigo ya tela. Vizito vikae mbele kidogo ya ekseli ya tela na chini, mpime ndoano ibebe asilimia 10 mpaka 15 bila kuvuka namba ya kwenye kitabu. Upepo wa matairi ya nyuma ya gari uwe ule wa kibandiko wa gari iliyojaa, tairi laini ubavu wake unajikunja na kuanzisha mchezo wote. Kisha bushi za nyuma. Na ikitokea imeanza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, usijaribu kuifukuza kwa kukata huku na kule, usikanyage breki za gari kwa nguvu. Kama tela ina breki za umeme zenye kitufe chake, bonyeza hizo peke yake, zinaivuta tela nyuma ikanyooka.

SWALI: Shokapu zangu ni za umeme, naweza kuweka za kawaida?

JIBU: Zinaingia, ila taa ya dashibodi itawaka mpaka uweke vifaa vya kudanganya kompyuta, na kwenye baadhi ya gari mfumo huo unaongea na ule wa kuzuia kuteleza. Kama unavuta tela ningekushauri ubaki na za umeme, uongeze springi au puto zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hiyo hiyo, ukihakikisha kimo chake hakivuki kile ambacho sensa za kupima kimo zimezoea.