Nimegongwa kwa nyuma, shingo imekaza: kola niivae mpaka lini?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Juzi nikiwa kwenye foleni Barabara ya Morogoro, daladala ilinigonga kwa nyuma. Bampa ilibonyea kidogo tu na sikusikia maumivu. Kesho yake shingo ikakaza na kisogo kikaanza kuuma. Hospitali wamenipima, eksirei haina tatizo, nikapewa kola ya kushikilia shingo. Niivae mpaka lini? Na mbona nilikuwa nimefunga mkanda?

Jibu: Marahaba, na pole sana. Mkanda hushika kifua na nyonga. Shingo haina wa kuishika. Gari linaposukumwa kutoka nyuma, kiti hukusukuma mgongo kwenda mbele, lakini kichwa chenye kilo 4 hadi 5 hubaki nyuma. Kabla hata misuli haijawahi kujikaza, shingo huchukua umbo la herufi S: pingili (mifupa ya shingo) za chini zinapinda kwenda nyuma huku za juu zikiwa zimeinama mbele. Hapo ndipo kano na vifuko vya viungo vidogo vya pingili huvutika kupita kiasi. Eksirei huonyesha mifupa, si kano wala misuli, na maumivu mara nyingi huchelewa saa kadhaa au hata siku mbili. Usipime jeraha kwa bampa. Gari lisilobonyea halijameza nguvu ya kishindo, limeipitisha kwako.

Kwa kuwa umeshapimwa na mifupa ni mizima, ivue kola hiyo. Shingo iliyofungwa hukakamaa na misuli yake hulegea, kisha kupona kunachukua muda mrefu zaidi. Kaa wima, geuza kichwa polepole kulia na kushoto mara 10 kila upande, ukiishia pale maumivu yanapoanza. Rudia kila saa ukiwa macho. Endelea na kazi nyepesi. Mtu mzima asiye na tatizo la ini anaweza kumeza paracetamol gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Usikubali kukandwa kwa nguvu wala kugeuzwa shingo ghafla mpaka ilie, hasa siku hizi za mwanzo. Wiki 6 zikipita bila nafuu ya maana, muone mtaalamu wa fiziotherapia.

Rudi hospitali mara moja ukipata ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, ukishindwa kuzuia mkojo, au maumivu ya kichwa yakizidi pamoja na kutapika. Na wasomaji wengine: aliyegongwa na bado hajapimwa, akiwa na dalili hizo, au ana miaka 65 na zaidi, au hawezi kugeuza shingo nusu ya njia kuelekea bega, asitikiswe wala asianze mazoezi haya mpaka daktari amuone.

Sasa kiegemeo cha kichwa, maana hapa ndipo madereva wengi wanapojiumiza bila kujua. Si mahali pa kupumzikia. Kazi yake ni kukidaka kichwa kabla shingo haijapinda. Ukingo wake wa juu ulingane na utosi wako. Kikishushwa mpaka usawa wa shingo, kichwa hupinda juu yake na madhara huongezeka. Kati ya kisogo na kiegemeo pasizidi sentimita 10. 5 ni bora zaidi. Pakiwa wazi mno, simamisha mgongo wa kiti kwanza, kwa kuwa kulaza kiti ndiko hasa kunakokitenga kichwa na kiegemeo.

Ukishakipandisha, kibonyeze kwa nguvu kutoka juu. Kikishuka, kufuli ya vyuma vyake imechoka, au kava la kiti limefunika kitufe na kukiacha kimebonyea. Wapo wanaokichomoa au kukigeuza kwa sababu ya kilemba au msuko mkubwa. Heri kubadili namna ya kufunga nywele safarini. Kilichopotea kinunue kwa wauza vipuri, ila pima unene wa vyuma na nafasi kati yake kwanza, kwa kuwa hutofautiana gari hadi gari.

Ukiwa umesimama na kioo kikakuonyesha gari la nyuma halipunguzi mwendo, tazama mbele na ubandike kichwa kwenye kiegemeo. Usigeuke kuangalia: shingo iliyogeuka upande huumia zaidi.

Na kabla hujaendesha tena, mwambie fundi akague kiti chenyewe. Mgongo wa kiti uliopinda au reli iliyolegea havitakusaidia ukigongwa tena.