Elektroforesisi imesoma AA, mtoto bado ana manjano

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko maabara ya hospitali ya wilaya. Tuna mtoto wa miaka 6, himoglobini yake haivuki 8 g/dl, macho ya manjano, bandama limevimba, na akipata homa mkojo unakuwa mweusi. Malaria hakuna, Coombs (kipimo cha kingamwili zinazoshambulia chembe nyekundu) hasi, G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu) ya kawaida, elektroforesisi (kipimo cha aina za himoglobini) AA, yaani himoglobini ya kawaida. Wazazi wote wazima. Daktari anashuku himoglobini isiyo imara, yaani inayoharibika kirahisi ndani ya chembe. Hapa hapa kwetu tunaweza kupima nini?

Jibu: Marahaba. Daktari wako ana hoja, na hiyo AA isiwazuie. Elektroforesisi hutenganisha himoglobini kwa chaji, basi badiliko lisilogusa chaji hupita bila kuonekana. Chukua himoglobini (Hb) iitwayo Hammersmith: nafasi ya 42 ya mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo ya protini inayoiunda himoglobini, asidi amino fenilalanini imeachia nafasi kwa nyingine, serini. Zote hazina chaji, bendi inatulia palepale pa A. Lakini fenilalanini ile ndiyo iliyosaidia kuishika himu, sehemu yenye chuma inayobeba oksijeni, mahali pake. Ikiondoka, himu inachomoka na himoglobini inaganda ndani ya chembe. Uzima wa wazazi nao hauondoi shaka, kwani nakala moja mbovu ya jeni inatosha kuleta ugonjwa, na mara nyingi kasoro huanzia kwa mtoto mwenyewe.

Kipimo mnachokiweza ni cha isopropanoli, aina ya alkoholi inayoigandisha haraka himoglobini isiyo imara. Osha chembe nyekundu kwa salaini, zipasue, ondoa maganda yake upate himoglobini safi. Weka mililita 2 za bafa ya Tris yenye isopropanoli asilimia 17, pH 7.4, kwenye beseni la nyuzi 37 mpaka ipate joto hilo hilo, kisha ongeza mililita 0.2 za himoglobini. Tazama dakika ya 5, ya 20 na ya 30. Damu ya kawaida inabaki angavu hadi dakika ya 30, halafu huanza kuwa na ukungu. Isiyo imara inachafuka ndani ya dakika 5, na kufikia 20 utaona mabonge kama maziwa yaliyokatika.

Damu iwe ya siku hiyo, na pembeni weka ya mtu mzima mwenye afya, iliyotolewa saa ile ile. Mimi niliwahi kutumia sampuli iliyolala: ya mgonjwa na ile ya mtu mwenye afya zote zikachafuka, nikabaki nazitazama tu zile tyubu. Himoglobini F, ile ya mtoto tumboni, ikizidi asilimia 5 nayo hudanganya, ndiyo maana damu ya kitovu huchafuka mapema. Kwa kichanga, kipimo hiki kiacheni.

Tafuteni pia miili ya Heinz, yaani mabonge ya himoglobini iliyoganda ndani ya chembe. Rangi ya kawaida ya slaidi za malaria haiionyeshi. Changanya damu mbichi na methili violeti, utaona madoa ya zambarau yamegandamana ukingoni mwa chembe. Bandama likiwa bado lipo huyanyofoa, kwa hiyo ukiyakosa, usiandike kwamba hakuna tatizo. Laza damu saa 24 kwenye nyuzi 37, uangalie tena.

G6PD irudieni. Chembe changa zina kimeng'enya kingi, na mtoto anayevunja damu amejaa chembe changa. Jibu la kawaida siku ya mkojo mweusi silitegemei hata kidogo. Subirini kama miezi mitatu baada ya tukio.

Jina la himoglobini yenyewe hamtalipata kwa tyubu. Hilo linataka kusoma mfuatano wa jeni, kwanza ya beta, halafu za alfa. Tumeni damu ya EDTA (tyubu yenye dawa ya kuzuia damu isigande) ya mtoto pamoja na ya wazazi wote wawili.

Mwambie daktari mambo mawili. Baadhi ya himoglobini hizi, Hb Köln ikiwemo, huifanya oksimita ya kidoleni, kifaa cha kupima oksijeni ya damu, isome chini kuliko hali halisi, asishtuke akaanza kutafuta ugonjwa wa mapafu. Na amuulize mama hizo homa zilitibiwa kwa dawa gani: wenye Hb Zürich huvunja damu vibaya wakipewa dawa za salfa. Mpaka majibu yarudi, mtoto asipewe.