Mtoto akionewa shuleni, tazama kwanza watu wazima wako wapi

Kila Januari wazazi wenzangu wa Tabata na Kinyerezi, hapa Dar, hunitumia meseji ya aina moja: "Mama, ile shule uliyompeleka kijana wako inaitwaje?" Wanajua alikuwa anaonewa, wanajua sasa anakwenda shule bila kusukumwa, basi wanataka jina. Jina sina haraka ya kulitoa, na si uchoyo. Shule iliyomfaa mtoto mwenye kigugumizi huenda isimfae binti yako anayechekwa kwa unene, na geti zuri lenye maua halijawahi kumzuia mtoto asipigwe chooni.

Mwanangu ana kigugumizi tangu anajifunza kusema. Kwa watoto wengi huanza kati ya miaka miwili na mitano, na wavulana ni wengi kuliko wasichana, kwa hiyo wale wanaoniambia kimetokana na kutekenywa sana akiwa mchanga nimewazoea. Darasani walimwita Sidii, yaani sidii iliyokwaruzika, inarudia palepale. Mwanzoni hata mimi nililisikia kama utani tu, na utani sisi tunao mwingi. Lakini utani ni nipe nikupe. Huyu alikuwa anapewa tu.

Mtafiti mmoja wa Norway, Dan Olweus, alianza kuchunguza mambo haya miaka ya 1970. Alitenganisha uonevu na ugomvi wa kawaida: uonevu unakusudiwa, unarudiwarudiwa, na anayeonewa hana nguvu za kujitetea sawasawa na mwenzake. Ndicho kipimo ninachowapa wazazi. Watoto wawili wanaolingana wakikunjana mashati kwa ajili ya kalamu, hiyo si kesi ya kuhamisha mtoto. Wasuluhishwe, wale chakula, waende zao.

Mimi korona ndiyo iliyonifumbua macho. Shule zilipofungwa Machi 2020, lile tumbo lililokuwa likimuuma kila Jumatatu lilipotea, na zile homa za alfajiri ambazo kipimo cha malaria hakikuziona nazo zikapotea. Serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi watarudi 29 Juni, tumbo likarudi kabla hata sare hazijapigwa pasi. Kama una shaka, tazama likizo ya mtoto wako ikoje, halafu tazama wiki ya kufungua. Tazama pia choo. Mtoto anayefika nyumbani akipitiliza chooni kabla ya kutua begi, kila siku, huenda anabana mkojo tangu asubuhi kwa sababu choo cha shule kina wenyewe. Mwingine anarudi na njaa kali ilhali pesa ya kula ulimpa. Mwingine madaftari hayaishi kupotea, na wewe unamgombeza kwa uzembe.

Ukishahisi, usianze na "nani anakuonea?" Atakujibu hakuna. Muulize sehemu. Mapumziko unakaa upande gani? Chooni mnaenda wangapi? Kwenye basi siti yako ipi, na nyuma yako anakaa nani? Mwalimu muda huo yuko wapi? Mwanangu hakutaja jina la mtu yeyote, lakini kwa maswali hayo nilijua darasani hakukuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa kwenye basi la shule. Mabasi haya yanaanza kukusanya watoto saa kumi na moja alfajiri, yanazunguka Segerea mpaka Kinyerezi kungali giza, wakubwa wa darasa la saba wameshika siti za nyuma na anti wa basi yuko mbele kwa dereva, anasinzia. Simlaumu. Mwanamke huyo ameamka saa tisa usiku na mshahara wake unaujua. Lakini kwa muda wote huo watoto hawakuwa na mtu mzima. Kwa mtoto wa shule ya serikali basi hilo ni kituo cha daladala, konda anapokataa wanafunzi na mlango unagombaniwa na wenye misuli.

Kwa hiyo ukienda kwa mwalimu wa darasa, na baadaye kwa mwalimu mkuu, usiende kuomba mtu aadhibiwe. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndilo litakalotolewa kwanza. Shuleni kwetu wale vijana walichapwa mbele ya wenzao mstarini. Kanuni za shule zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye, na viandikwe kwenye daftari maalumu. Sijui kama viliandikwa, ila najua kwamba kuanzia siku hiyo mwanangu alipata jina la pili: mnoko. Omba mambo yanayoonekana kwa macho. Anti ahamie katikati ya basi. Wakubwa wakae mbele. Mwalimu wa zamu asimame karibu na vyoo wakati wa mapumziko. Andika tarehe, mahali na kilichotokea kwenye daftari lako, na kila ukitoka kikaoni andika mlichokubaliana. Daftari hilo ndilo utakaloonyesha kamati ya shule au afisa elimu kata kama mambo hayasogei.

Akiwa ameumizwa, ametishwa kwa silaha au ameguswa mwili kwa namna isiyofaa, hizo ngazi ziruke. Mpeleke hospitali, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, muone afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa, kwa hiyo usikubali kuambiwa unaichafua shule.

Baba yake alisema tumwache akomae. Nilimjibu kwamba waliokomaa ndio hao wa siti za nyuma, na wao waliwahi kukaa za mbele.

Tulimtoa kwa muhula mmoja. Tulikuwa na barua ya daktari na ruhusa ya shule kwa maandishi, na hapo naomba unielewe vizuri: elimu ya msingi ni lazima kisheria, na mtihani wa darasa la saba mtoto huufanya akiwa amesajiliwa kupitia shule. Ukimkalisha nyumbani kimyakimya unamtafutia jina la utoro na kumharibia mbele. Asubuhi alifundishwa na mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, mama mmoja mkali mwenye huruma, kwa vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Alasiri alikwenda madrasa, na huko nilijifunza kitu ambacho shule haikunionyesha. Wakisoma pamoja kwa sauti, ulimi wa mwanangu haukwami hata kidogo. Baadaye mtaalamu aliniambia ni jambo linalojulikana, kigugumizi hulegea mtu anapoimba, anapoghani au anaposoma pamoja na wenzake. Ustadhi hakuwa na habari za kitaalamu, yeye alimpanga katikati ya safu basi, na watoto wa madrasa hawajawahi kujua kwamba kuna mtu anaitwa Sidii.

Lakini nyumbani si dawa ya kudumu, hasa kwa sisi tunaotoka asubuhi kutafuta riziki. Dada wa kazi si mwalimu, na mtoto aliyebaki peke yake na runinga hajaponywa uonevu, amefichwa tu. Sisi tuliweza kwa sababu mimi nashona nyumbani na yule mstaafu alikubali kulipwa kidogo kidogo.

Muhula ule ndio tuliotumia kutafuta shule, na njia yangu ilikuwa moja. Nilifika wakati wa mapumziko bila miadi, nikakaa kwenye benchi la mlinzi. Ndani ya nusu saa utajua kama walimu wote wako ofisini na chai, au kama kuna anayezunguka uwanjani. Utaona mtoto aliye peke yake ukutani na utaona kama kuna mtu mzima anayemfuata. Tuliyoichagua ina vyumba vichakavu, uwanja wa mchanga na watoto wachache, na mwalimu mkuu wake anawajua kwa majina. Wifi yangu mpaka leo ananicheka.

Kama mtoto ana ulemavu, tafuta kwanza shule zenye walimu waliofunzwa. Hapa Dar kuna Uhuru Mchanganyiko, Ilala, ambako watoto wasioona na wenye ualbino wanasoma pamoja na wenzao, na kuna Buguruni Viziwi kwa wasiosikia. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi anaonewa mara mbili: na wenzake kwa ngozi yake, na mwalimu asiyejua kwamba uoni wake ni hafifu, anayemwita mvivu kwa kutoandika kilicho ubaoni.

Aliyekwishaacha shule ana njia pia. MEMKWA ipo kwa waliokosa elimu ya msingi. Wa sekondari anaweza kujiunga na vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1975, au vituo binafsi, akafanya QT, yaani mtihani wa maarifa, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimeona vijana walioteswa sekondari wakitulia huko, kwa kuwa wanakaa darasa moja na mama wa duka na dereva wa bodaboda ambao hawana muda wa kumcheka mtu. Ila binti wa miaka kumi na tano anayetoka kipindi saa mbili usiku anahitaji mtu wa kumpokea.

Bweni sikushauri. Wazazi wengi wa Dar wanalikimbilia wakidhani linamtoa mtoto kwenye kero ya mtaa na basi, kumbe linamlaza na kero chumba kimoja, na wewe uko mbali. Kwa wadogo hata halipo tena: mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa walio chini ya darasa la tano.

Ukishaamua kuhama, hakikisha shule ya zamani inamhamisha kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, usiridhike na barua peke yake. Na jitahidi isiwe katikati ya darasa la nne au la saba, miaka ya mitihani ya taifa.

Mwanangu aliomba kitu kimoja, kwamba shule mpya wasijue yaliyompata. Tulimwambia mwalimu wake wa darasa pekee, yeye akiwepo, na tukakubaliana na mwalimu mambo mawili: asimmalizie sentensi, na zamu ya kusoma kwa sauti asimruke.