"Shangazi, mwambie mume wangu aache besiboli"

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mkenya, naishi Texas na nimeolewa na Mmarekani anayecheza besiboli ya kulipwa. Tulipooana nilijua hatakawia kufika ligi kuu. Leo ana miaka 28, huu ni msimu wake wa saba, na bado yuko Triple-A, ngazi moja chini. Anacheza shotistopu, yaani mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, na pia besi ya pili; wastani wake wa kugonga ni .238, yaani hufanikiwa kama mara 24 katika zamu 100. Nimechoka kumlisha. Mimi nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee. Yeye hata Jumatatu, siku yake ya mapumziko, ni kurusha mpira kwenye ukuta wa gereji. Sikatai, Jumatatu hupika na kumwogesha mtoto, lakini hilo si la maana. Mama yake ndiye anayemvimbisha kichwa. Ni kweli alitulipia kodi ya nyumba ya Januari na Februari, ila simu zake hazikomi. Huko nyumbani kaka zangu kila siku wananiuliza pesa za ploti ya Kitengela ziko wapi. Sasa eti anataka msimu mmoja zaidi. Mwambie aache, labda wewe atakusikia. – Mke Aliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa shifti za usiku, zinachosha, tena na mtoto mdogo. Pole yangu inaishia hapo.

Asiyekuwapo na lake halipo, na mumeo hayupo hapa kujitetea. Basi nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta yeye humo ndani, na nimempata. Nimemwona mwanamume anayecheza mechi sita mfululizo, Jumanne hadi Jumapili, kisha siku pekee aliyopewa ya kunyoosha mgongo anaingia jikoni na kumwogesha mtoto ili wewe upate usingizi. Unaniambia hilo si la maana! Kuna wanawake wananiandikia hapa ambao waume zao hawajui beseni la mtoto linakaa wapi.

Halafu unamlisha vipi? Kabla ya mkataba wa 2023 wa wachezaji wa ligi ndogo, yaani ngazi zote za chini ya ligi kuu, ningekuamini, maana walikuwa wakilipwa pesa za aibu. Mkataba ule uliweka kima cha chini cha Triple-A kuwa dola 35,800 kwa mwaka. Si utajiri, na kwa kodi za nyumba za huko najua pesa hizo hazikawii kuisha, lakini mtu huyo halishwi. Anachangia kidogo kuliko ulivyotarajia. Hilo ni shauri jingine.

Na barua yako ilianza kusema kweli ulipofika Kitengela. Nani aliwaahidi kaka zako ploti? Si mumeo, yeye Kitengela haijui hata kwenye ramani. Wewe ulipiga simu nyumbani ukasema umeolewa na mchezaji wa Marekani, wao wakaanza kupiga hesabu, nawe ukawaacha wapige. Sasa aibu imekushika, unataka mimi nimfukuze mtu kazini ili wewe upate la kuwaambia.

Ndoa za siku hizi zinafungwa na kesho. Msichana anaolewa na daktari aliye bado darasani, au na mwanasiasa ambaye hajachaguliwa, na kesho ikichelewa anamdai mume kana kwamba alimkopesha. Wanaume nao ni wale wale: wanaoa nesi huku wakihesabu mshahara wake wa Uingereza kabla hata viza haijatoka. Mkiitwa mbele ya wazee mnasema ni mapenzi. Nikianza hili sinyamazi, basi niliache.

La kufika ligi kuu nitakupa bila sukari. Timu ziko 30, kila moja ina kikosi cha watu 26, na nyuma ya hao kuna orodha ya wachezaji 40. Asiye kwenye orodha hiyo hapandi mpaka apatikane nafasi, na mara nyingi nafasi hupatikana kwa kumtoa mwingine. Umeandika mengi lakini hukusema kama mumeo yumo, kwa hiyo nachukulia hayumo. Miaka 28, nje ya arobaini, gongo la .238: nafasi yake ni ndogo, na vijana wa miaka 21 wanampita kila msimu.

Lakini angekuwa mtu wa besi ya kwanza ningekwambia mfunge virago leo, maana pale mtu analipwa kwa kugonga. Shotistopu anayeweza kusimama na besi ya pili ni mtu wa kuhitajika ghafla. Wa juu akiteguka kifundo Alhamisi, Ijumaa lazima apatikane anayejua kuunasa mpira unaodunda ovyo na kuwatoa wawili kwa mpigo. Mlango wa mumeo ni jeraha la mtu mwingine, nalo halitoi taarifa. Ukuta wa gereji unaouchukia unamrudishia mpira chinichini, vile vile atakavyoupokea uwanjani.

Drew Maggi, mtu wa nafasi hizo hizo, alicheza mechi 1,155 za ligi ndogo kabla Pittsburgh Pirates hawajamwita Aprili 2023, akiwa na miaka 33. Mashabiki walisimama kumshangilia kabla hajagonga chochote. Zamu ile ya kwanza hakugonga, na baada ya mechi tatu akarudishwa chini. Klabu hiyo hiyo ilimsajili Gift Ngoepe wa Afrika Kusini mwaka 2008 na kumwita Aprili 2017, akawa mchezaji wa kwanza kutoka bara la Afrika kufika ligi kuu. Zamu yake ya kwanza aligonga, tena dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs. Glavu ndiyo iliyompandisha, gongo likamshusha. Kwa hiyo nikikuambia mumeo hawezi nitakuwa mwongo, na nikikuambia ataweza nitakuwa mganga.

Ila piga hesabu hii, wewe unayependa hesabu. Mwaka 2025 kima cha chini cha ligi kuu kilikuwa dola 760,000 kwa mwaka. Siku kumi tu huko juu zinalipa kuliko mwaka mzima wa Triple-A. Akifikisha siku 43 amepata haki ya pensheni. Mtu aliyebakiza ngazi moja hafanyi wazimu akiomba msimu mmoja.

Msimu wa saba ukiisha bila kuingizwa kwenye arobaini, Novemba atakuwa huru kujitafutia timu. Mpe hadi hapo, na usimsimange katikati. Klabu ya ligi kuu ikimpigia kumpa nafasi ya Triple-A, mwache aende. Wakipiga simu wale wa ligi za pembeni peke yao, zile zisizo chini ya klabu za ligi kuu, hapo nitakuwa upande wako, na umwambie aulizie kazi za ukocha mapema, kabla Krismasi haijafika.

Kaka zako waambie wiki hii kwamba pesa za ploti hazipo. Mama mkwe mpigie wewe kwanza, umshukuru kwa ile kodi. Sijaona mahali ulipomshukuru.