Maswali na Majibu: Jujutsu ya Kale ya Kijapani

Swali: Mhariri, pokea salamu zangu. Nimekuwa nikijifunza jujutsu katika ukumbi mmoja hapa Umoja, na mwalimu wetu husema kwamba sanaa hii ni ya samurai na ina umri wa miaka 2,000. Kila jioni tunarudia mambo yale yale: tunapiga magoti tukitazamana, mwenzangu ananishika kifundo cha mkono, nami namwangusha. Rafiki yangu anayecheza jujutsu ya Kibrazili huko South B hunicheka na kuniuliza ni mkora gani wa Nairobi atakayenishika mkono nikiwa nimepiga magoti. Je, napoteza wakati wangu? Na nitajuaje kama ninachofundishwa ni cha kale kweli? – Msomaji, Umoja

Jibu: Ndugu msomaji, tuanze na hiyo miaka 2,000. Kitabu cha kale cha historia ya Wajapani kiitwacho Nihon Shoki, kilichokamilika mwaka 720, kinasimulia jinsi Nomi no Sukune alivyopambana na Taima no Kehaya mbele ya mfalme, miaka 2,000 hivi iliyopita kwa hesabu ya kitabu hicho, akamvunja mbavu na kiuno hata akafa. Masimulizi hayo ndiyo yanayotajwa kuwa asili ya mieleka ya sumo, na walimu wengi wa jujutsu hupenda kujinasibisha nayo vilevile. Hata hivyo, hakuna mnyororo wa walimu unaotoka kwa Nomi no Sukune hadi Umoja. Shule ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kongwe kuliko zote miongoni mwa shule za jujutsu zenye nasaba inayofuatilika ni Takenouchi-ryu (ryu maana yake ni shule au mkondo wa mafunzo), iliyoanzishwa na Takenouchi Hisamori mwaka 1532 katika jimbo la Mimasaka, ambalo leo limo katika mkoa wa Okayama. Hiyo ni karibu miaka 500, na si haba.

Sasa tuje kwenye magoti na kifundo cha mkono, ambapo kejeli ya rafiki yako inagusa jambo muhimu kuliko anavyodhani. Katika karne ya 16, Japani ikiwa vitani, askari aliyevaa deraya hakukatika kwa urahisi kwa upanga, kwa hiyo wapiganaji waliokaribiana walikamatana, wakaangushana, kisha mshindi akatafuta upenyo wa deraya kwa jambia fupi. Baada ya utawala wa Tokugawa kushika hatamu mwaka 1603, vita vikubwa vilipungua kisha vikakoma, na samurai akawa mtu wa ofisini na barazani, amevaa nguo za kawaida, ameketi kwa magoti juu ya mikeka huku upanga mfupi ukiwa kiunoni. Hatari ikahamia humo barazani. Anayekushika kifundo cha mkono katika zoezi lenu anakuzuia usichomoe silaha, nawe unajifunza kujinasua ili uichomoe au umwangushe kabla hajakuwahi. Ukiondoa upanga katika picha hiyo, zoezi zima linakuwa kichekesho, na nadhani ndivyo linavyofundishwa katika kumbi nyingi: umbo limebaki, sababu yake haisemwi. Muombe mwalimu wako akuchomekee upanga wa mbao kiunoni, kisha mrudie zoezi lile lile. Utaona kwa nini mwili umegeuzwa upande ule na kwa nini mkono wa kulia ndio unaoshikwa kwanza.

Zoezi hilo la wawili liitwalo kata ndilo kumbukumbu ya shule. Hati zilizoandikwa zipo, lakini nyingi huorodhesha majina ya mbinu bila kuzieleza, kwa kuwa zilikusudiwa mtu ambaye tayari amefundishwa kwa mkono. Ndiyo maana katika shule nyingi za kale anayeshambulia na kuangushwa ni yule aliyetangulia kujifunza, si mgeni, kwa sababu yeye ndiye anayejua shambulio linapaswa kuwa na kasi na umbali gani ili mbinu iwe na maana. Kama katika darasa lenu wageni ndio wanaotupwa usiku kucha huku wakubwa wakijionyesha, hilo lingenitia shaka kuliko magoti.

Kuhusu uhalisi, anayelelewa katika elimu ya madrasa ataelewa upesi, kwa maana jujutsu ya kale huenda kwa ijaza, yaani idhini ya mwalimu, na silsila, yaani mnyororo wa walimu. Mwanafunzi hupewa hati ya daraja la mwanzo, kisha orodha ya mbinu alizokwisha kuzipokea, na mwishowe, baada ya miaka mingi, menkyo kaiden, yaani idhini ya kuwa amekabidhiwa yote. Mikanda ya rangi haimo humo. Madaraja ya dan, yaani yale ya waliobobea, yaliingizwa na Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alipowapandisha wanafunzi wake wawili mwaka 1883, na rangi za njano, kijani na buluu zilienea kutoka Ulaya katika karne ya 20. Basi ukiona mikanda ya rangi, fahamu kwamba darasa limepangwa kwa utaratibu wa kisasa, na mara nyingi mbinu zenyewe ni mchanganyiko wa judo, karate na aikido. Hakuna aibu katika hilo mradi lisemwe wazi. Mwulize mwalimu wako kwa adabu, baada ya mazoezi na si mbele ya wenzako: shule yetu ni ryu ipi, wewe ulifundishwa na nani, naye alifundishwa na nani, na wakuu wa shule huko Japani wanakutambua? Mwalimu mwenye nasaba hujibu bila kukasirika.

Kama lengo lako ni kujihami kwenye steji ya matatu saa tatu usiku, rafiki yako ana hoja nzito, kwa kuwa yeye hupambana kila juma na mtu asiyekubali kuangushwa. Ila mkumbushe kwamba mchezo wake ni mjukuu wa huu wako: Maeda Mitsuyo, aliyefika Brazili mwaka 1914 na kuwafundisha akina Gracie, familia iliyoiunda jujutsu ya Kibrazili, alitoka Kodokan, shule ya Kano, naye Kano alikuwa amejifunza Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu kabla ya kuanzisha judo katika hekalu la Eishoji, Tokyo, mwaka 1882. Wakati huo jujutsu ilikuwa imeporomoka, kwa sababu serikali ya Meiji, iliyoufuata utawala wa Tokugawa, ilikuwa imefuta hadhi ya samurai na mwaka 1876 ikawapiga marufuku raia kubeba panga hadharani.

Nasaba hiyo inakupa njia ambayo wengi hapa mjini hawaifikirii. Vilabu vya judo vipo Nairobi, na judo imehifadhi kata mbili zenye thamani kubwa kwa mtu kama wewe. Koshiki no Kata, yenye mbinu 21, imetokana na Kito-ryu na huchezwa kana kwamba wote wawili wamevaa deraya. Kime no Kata ina mbinu 20, nane zikiwa za kupiga magoti, na ndani yake mna mashambulio ya jambia na upanga. Ukimpata mwalimu wa judo aliye tayari kukufundisha hizo, utakuwa umeshika kitu cha kale ambacho asili yake haina utata.

Swali: Mhariri, mwanangu wa miaka kumi na miwili amejiunga na darasa la jujutsu katika ukumbi wa kanisa hapa Kayole. Sakafu ni ya saruji na mikeka ni ile myembamba ya kufanyia mazoezi ya viungo. Je, nimwache aendelee? – Mama wa watoto watatu

Jibu: Mama, kwa sasa asitupwe juu ya sakafu hiyo. Nchini Japani, ambako walimu wa judo wamejaa, wanafunzi zaidi ya 100 walifariki katika judo ya shuleni kati ya mwaka 1983 na 2011, wengi kwa majeraha ya kichwa, na wanaoanza kujifunza ndio waliokuwa hatarini zaidi. Anaweza kuendelea na mafunzo ya kuanguka kwa kuanzia chini, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani, hadi mikeka minene inayobanana bila nafasi ipatikane. Hakikisha pia kwamba watoto hawafundishwi kukabana koo wala kupinda viungo, na kwamba mtoto akipiga mkeka kwa kiganja, mwenzake anamwachia papo hapo. Akigonga kichwa na baadaye akaumwa kichwa, kutapika au kusinzia, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Swali: Je, Mkristo anaweza kuinama mbele ya picha na kijibweta cha mbao kilichowekwa ukutani darasani? – Msomaji, Lang'ata

Jibu: Kumwinamia mwenzako na mwalimu ni salamu tu. Hicho kijibweta ni jambo jingine: ni kamidana, madhabahu ya dini ya Shinto, na walimu wanaodai kwamba jujutsu haijawahi kuhusiana na dini wanakosea, kwa maana hata masimulizi ya kuanzishwa kwa Takenouchi-ryu yanamtaja Hisamori akiwa katika maombi na kufunga pale alipotokewa na mtawa wa milimani aliyemfunza mbinu. Mweleze mwalimu msimamo wako kabla ya darasa kuanza, uombe kusimama kimya wakati wenzako wanainama upande huo. Walimu wengi hulikubali ombi hilo. Asiyelikubali, tafuta darasa lisilo na kamidana, nayo ni mengi.