Re: Nifunge tabo kwenye Impreza au nichukue WRX?

Habari mkuu. Kwahiyo una Subaru Impreza 2.0 isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) na umekwama, uifunge tabo au uuze uchukue WRX, ile Impreza inayotoka na tabo kiwandani. Mimi nishahangaika na hilo, uza tu. Kompresheni ya injini yako (inavyobana hewa na mafuta kwenye silinda) iko juu kuliko ya WRX, ukiibebesha presha ya tabo mafuta yanalipuka kabla ya wakati na pistoni zinapasuka, na hapo hujagusa bado klachi, breki, interkula (ya kupoza hewa ya tabo) wala kutyuni kompyuta ya injini. WRX inatoka navyo kiwandani.

Ila usilipe kabla hujapima kompresheni silinda zote 4, halafu iache ipate moto usikilize kama inagonga chini, EJ20 za tabo (injini za WRX nyingi) zikikimbizwa oili ikiwa pungufu zinaua beringi za konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni. Impreza yako bei siwezi kukisia, ni ya mwaka gani?