Dereva asiyelipwa mshahara: je, ajilipe kwa dizeli ya tajiri?

SWALI: Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh. Mimi ni dereva wa lori hapa Mwanza, napakia dagaa Mwaloni, Kirumba, na kuwapeleka Dar es Salaam. Sina mkataba wa maandishi, siku ya kuanza kazi tajiri aliniambia tu, "Tutaelewana." Posho ya safari ananipa, lakini huu ni mwezi wa nne sijaona mshahara. Safari iliyopita mvua ilitukuta Singida, magunia yakalowana, naye amesema hasara yote atanikata mimi. Wenzangu huuza dizeli kidogo njiani na kusema huo ndio mshahara wetu. Tena nikipakia natakiwa niendeshe usiku na mchana hadi nifike. Naomba kujua hukumu ya dizeli hiyo, na kama hasara ya mzigo ni juu yangu.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu yangu, umeuliza kuhusu dizeli, lakini dizeli ni tawi tu. Shina lake ni hilo neno "tutaelewana". Kumwajiri mtu ni mkataba, nao katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, huitwa ijara, na miongoni mwa masharti ya kusihi kwake ni ujira kujulikana. Katika Suratul Qasas tunasoma kwamba yule mzee wa Madyan, alipotaka kumwajiri Nabii Musa (a.s.), alimtajia malipo na muda kabla kazi haijaanza: miaka minane, na akitimiza kumi, hiyo miwili ni hiari yake mwenyewe. Musa alikuwa mgeni, mkimbizi, hana mbele wala nyuma, na bado hakuachwa akisie atakachopata. Madereva wa nchi hii walipogoma mwaka 2015, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao makubwa, na kwa upande wa dini dai hilo halikuwa na kasoro.

Hata hivyo usidhani kwamba kukosa karatasi kumekuacha mikono mitupu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, wamesema kwamba ijara ikiharibika kwa sababu ya ujira kutojulikana, na kazi imekwisha kufanyika, mfanyakazi anastahiki ujira wa mfano, yaani kile anacholipwa dereva kama wewe, kwa gari kama hilo, katika njia kama hiyo. Kwa hiyo miezi yako minne ni deni kamili katika shingo ya tajiri, na posho haipunguzi deni hilo, kwani posho ni ya kula na kulala njiani, isipokuwa kama mlikubaliana waziwazi kwamba ndiyo malipo yenyewe. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, kwamba mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Hadithil Qudsi iliyomo katika Sahihi Bukhari, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Matajiri wanaoisoma barua hii, na najua wapo, waisome hadithi hiyo mara mbili.

Sasa dizeli. Hoja ya wenzako si ngeni kwangu. Nimeisikia tangu enzi za foleni ya kivuko pale Kigongo, kabla ya daraja kukamilika, madereva walipokuwa na muda mrefu wa kuzungumza. Ina asili katika fiqhi, nayo ni mas'ala ya dhafar: mtu anayedai haki yake kwa anayemnyima, kisha akaipata mali ya mdaiwa wake, je, achukue? Bibi Hind alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe Abu Sufyan hampi matumizi ya kutosha, Mtume alimwambia achukue kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema, na Imam Shafi ameitegemea hadithi hii katika kuruhusu. Wengine wamezuia kwa hadithi nyingine isemayo: "Mrudishie amana aliyekuamini, wala usimfanyie hiana aliyekufanyia hiana."

Lakini hata kwa kauli ya wanaoruhusu, ruhusa ni ya deni thabiti na kwa kiasi chake tu, bila kuzidisha. Je, anayefungua tangi usiku kando ya barabara huandika lita ngapi amechukua, na amebakiza kudai shilingi ngapi? Akilipwa mshahara mwezi unaofuata, huacha? Nijuavyo mimi, haachi. Huuza kwa bei ya kutupa, kwa mnunuzi anayejua anachonunua, kisha hutoa hesabu ya uongo kwa tajiri kwamba gari linakula sana mafuta. Hapo pana uongo, pana hiana ya amana, na mbele ya sheria ya nchi pana wizi unaoweza kumpeleka jela huku mdaiwa wake akibaki nje. Kwa hayo, jibu langu ni kwamba usichukue. Ikiwa umekwisha kuchukua, kadiria thamani yake kwa uaminifu, uitoe katika deni lako unapodai, umweleze tajiri, na utubie uongo uliokuwemo.

Njia ya kudai ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na akishindwa kuyaonyesha katika shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake, si wako. Kwanza mwendee tajiri pamoja na mtu mzima anayemheshimu. Akikataa, peleka dai katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema, kwa sababu muda wa kufungua ni siku 30 kwa aliyeachishwa kazi na siku 60 kwa madai mengine. Kutunza stakabadhi za kila safari si kukosa tawakuli.

Kuhusu dagaa waliolowana, dereva ni amini, yaani mtu aliyekabidhiwa amana, na amini halipi isipokuwa kwa kuvuka mipaka au kuzembea. Kama turubai lilikuwa bovu na ulilisema kabla ya kuondoka, au mvua ilizidi uwezo wa turubai zima, huna dhima, na kauli yako inakubaliwa pamoja na kiapo chako. Kama ulikwenda kunywa chai ukaacha mzigo wazi na wingu unaliona, unalipa. Hata hapo sheria niliyoitaja inamtaka tajiri aandike sababu na hesabu, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Na mshahara wenyewe, kama ulivyosema, hajakupa.

La usingizi umelitaja mwishoni, nami naliona zito kuliko dizeli. Mtume (s.a.w.) amekataza kuwakalifisha wanaotutumikia kwa wasiyoyaweza, basi tajiri anayeamuru safari ya zaidi ya kilomita 1,100 bila kulala anapata dhambi. Lakini na wewe huna udhuru wa kumtii, kwani hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, na Mwenyezi Mungu amesema: "Wala msijiue." Ukisinzia ukamuua mtu, kafara ya kuua kwa makosa iliyotajwa katika Suratun Nisaa, ambayo leo ni kufunga miezi miwili mfululizo, itakuwa juu yako uliyeshika usukani, wala tajiri hatakufungia hata siku moja. Macho yakiwa mazito egesha gari Nzega au Singida, ulale, na simu yake uipokee ukiamka.

Wallahu aalam.